Umbo Lililokwisha Kuamuliwa

Seremala mchanga wa Kilosa anayetaka kununua rauta (ya mbao, siyo ile ya intaneti) huanza kwa kuuliza wati. Muuzaji hulipenda swali hilo kwa sababu jibu lake limeandikwa kwenye boksi. Mia tano na kitu, elfu moja na mia sita, elfu mbili na zaidi. Namba kubwa hununulika kwa urahisi, maana mtu hutoka dukani akijiona amebeba nguvu mkononi. Lakini mashine yenyewe haikati kitu. Rauta ni mota iliyosimama wima juu ya kitako, na chini yake kuna koleti inayobana kipande kidogo cha chuma chenye makali. Kinachokutana na mti ni hicho kipande, ambacho mafundi wengine huita kisu na wengine biti, na umbo lake ndilo litakalobaki kwenye mlango wa watu kwa miaka thelathini baada ya mota kuungua na kusahaulika. Kama ningekabidhiwa duka kwa siku moja, biti ningezipanga mbele na mashine ningezirudisha stoo.

Na hata kabla ya biti, kuna mti. Kilosa na Mikumi ni wilaya moja, ila mbao zake haziji kwa njia moja. Mikumi ni mji wa barabara. Malori yaliyosheheni paini ya Sao Hill, kule Mufindi, huteremka Kitonga, yakapita Ruaha Mbuyuni, yakaingia Mikumi, kisha yakakata hifadhi kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Kilosa ni mji wa reli tangu 1909, Wajerumani walipoifikisha reli ya kati kwenye bonde la Mkondoa, na umezungukwa na miombo yenye mninga, mkongo, mtundu, na mpingo wa hapa na pale. Kutoka bonde la Kilombero, upande wa kusini, huja msaji wa mashambani ambao karakana nyingi huuita mtiki. Kwa hiyo fundi mmoja, ndani ya juma moja, anaweza kuwekewa benchini paini ya kilo 450 hivi kwa mita ya ujazo, mninga wa zaidi ya kilo 600, na mabaki ya mpingo wa kilo 1,200 ambao ukiutupa majini unazama. Anayesema "nahitaji rauta" bila kutaja mti bado hajasema anachohitaji.

Paini ni laini lakini si mpole. Utomvu wake hujipaka kwenye makali, makali yakapata moto, na moto ukaacha weusi kwenye ukingo kila mahali ambapo mkono ulisita. Wanaoanza hudhani biti imekwisha makali wakaitupa, kumbe ilitaka kulowekwa kwenye mafuta ya taa na kusuguliwa na mswaki wa zamani. Msaji una silika ndani yake, chembe za mchanga hasa, na biti ya chuma cha kawaida haimalizi siku nao. Kwa mti huo usinunue biti isiyo na ncha za kabaidi, hata kama bei yake inakushawishi. Mninga ndio mti wa heshima katika eneo hili, na sielewi kwa nini wengi hujifunzia juu yake. Unakatika vizuri, hautanuki wala kusinyaa sana, na ukipakwa vanishi unawaka rangi ya asali iliyokoza. Ila vumbi lake huwasumbua wengi puani na kifuani, na rauta haitoi maranda kama randa ya mkono. Hutoa unga, tena unga unaoelea. Barakoa ni sehemu ya bei ya mashine. Miwani pia, na kitu cha kuziba masikio, kwa kuwa rauta inapiga kelele nyingi.

Nasema mninga usiwe ubao wa kujifunzia kwa sababu nyingine pia. Kuanzia 2012, kwenye vijiji kama Ihombwe, Msimba, Kitunduweta na Ulaya Mbuyuni (Ulaya yetu ya Kilosa, si ile nyingine), Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walianzisha, kwa fedha za Uswisi, utaratibu wa wanakijiji kuvuna mkaa katika misitu yao kwa mpango, sehemu kwa sehemu, na kuacha visiki vichipue. Baadaye mbao nazo zikaingia katika mpango huo. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kukusanya ushuru wake, na fedha hizo zimejenga madarasa na kukarabati zahanati. Ubao wa mninga uliotoka huko umepita kwenye mkutano wa kijiji, mikononi mwa kamati ya maliasili, umegongwa nyundo ya serikali, ukapewa hati ya kusafirishia. Nyuma ya hayo yote ni mti uliosimama kwa miongo mingi kabla ya kufikia unene wa kukatwa. Patasi ikikosea, inakosea taratibu, na fundi ana nafasi ya kusimama. Rauta inakosea kwa kasi ile ile inayofanyia kazi. Mkono ukiyumba kidogo tu, mfuo uliokuwa uwe mnyoofu umetoboka pembeni, na hakuna gundi itakayoificha njia hiyo chini ya vanishi. Mabaki ya paini yapo kila karakana, na yanafundisha vile vile.

Sasa turudi dukani, kwenye mtego ambao muuzaji hautaji, na pengine yeye mwenyewe haufahamu. Koleti zina vipimo, na dunia haijakubaliana juu ya vipimo hivyo. Kuna biti zenye shina la milimita 6 na kuna zenye robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kuna za milimita 12 na kuna za nusu inchi, yaani 12.7. Kwa macho zinafanana kabisa. Mashine za Kijapani na za Kichina huja na koleti ya aina hii au ile kutegemea soko zilikokusudiwa, na sanduku la biti lililo karibu nazo kwenye rafu laweza kuwa la kipimo kingine. Shina la milimita 6 kwenye koleti ya robo inchi linaingia vizuri, linabanwa, na linaonekana limeshika. Halijashika. Likianza kuzunguka mara elfu ishirini na kitu kwa dakika litateleza chini kidogo kidogo, mfuo utazidi kina ubao ukiendelea, na mwisho biti inaweza kuchomoka. Nenda dukani na koleti mfukoni, uijaribu biti hapo hapo kaunta, bila kuona haya. Ukifika nyumbani, ingiza shina mpaka ligote, kisha livute juu milimita mbili tatu kabla ya kukaza. Likikazwa huku limegota chini, joto likipanda linaweza kulegea. Na plagi iwe nje ya soketi. Hilo la plagi huwa naona aibu kulisema, kwa sababu kila mtu analijua, lakini wanaolijua ndio wanaokatwa vidole.

Kuhusu wati sina mengi. Trima, yaani rauta ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja, huwa na wati 500 hadi 700, na inatosha kwa kulainisha kingo, kuchimba nafasi ya bawaba, na kufuata patani kwenye ubao mwembamba. Makita 3709, ambayo nakala zake zimejaa kila mahali, ina wati 530 na mizunguko 30,000 kwa dakika. Kubwa, ya shina la milimita 12, inataka wati 1,600 na kwenda juu, na inafaa kwa fremu za milango na matundu ya ndimi, hasa ikiwa ya kushuka kwa springi, muundo ambao kampuni ya Kijerumani ya Elu iliuleta sokoni mwaka 1949. Kwa anayeanza, ndogo inatosha, na fedha iliyobaki ina kazi nyingine nitakayoitaja. Ila jambo moja la umeme. Bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, haliko mbali na Mikumi, lakini ujirani na bwawa haumsaidii fundi anayevuta waya mwembamba wa ekstensheni kutoka nyumbani hadi banda la uani. Volti hupotea njiani, mota kubwa hulia, hupata moto, na hufa mapema. Na wale wanaonunua zana za mtumba kutoka Japani wasome kibao cha pembeni kabla ya kuuliza bei, kwa kuwa umeme wa kule ni volti 100 na wetu ni 230. Mashine hiyo bila transfoma ina maisha ya sekunde chache.

Kasi ndiyo inayohitaji kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu mkono hauioni. Biti yenye upana wa milimita 6 inayozunguka mara 30,000 kwa dakika, ncha ya makali yake inakwenda kilomita 34 hivi kwa saa, mwendo wa bodaboda katikati ya soko. Chukua biti ya urembo yenye upana wa milimita 50, uizungushe mara 22,000: makali yake yanakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na hakuna basi la Mbeya lililowahi kupita hifadhini kwa mwendo huo hata usiku wa manane. Kadiri biti inavyokuwa pana, mizunguko ishuke, na ikifika upana huo iwe 10,000 au 12,000. Rauta isiyo na kirekebisha mwendo isipewe kabisa biti pana. Wala usikate kina chote kwa mkupuo mmoja. Kwenye mkongo au mninga shuka milimita tatu, rudi, shuka tena. Ukizungukia ukingo wa nje wa ubao, nenda kinyume cha mshale wa saa. Ukiwa ndani ya fremu, nenda na mshale. Ukigeuza, biti itaparamia mbao na kukukimbiza. Anza na vichwa vya ubao, pale nyuzi zinapokatwa, kisha malizia na ubavu, ili kilichobanduka kwenye kona kifutwe na mkato wa mwisho.

Yote haya hufundishika. Kijana wa chuo cha ufundi cha VETA Mikumi akielekezwa kwa subira atayashika. Lakini nikifika kwenye sanduku la biti, lile la vipande kumi na tano au thelathini na tano vilivyopangwa kwenye mbao zenye vishimo, kama meno ya mnyama ambaye hatukumuua sisi, ndipo ninapoanza kusita.

Tazama milango. Pita mitaa ya Kilosa, kisha Mikumi, kisha endelea mpaka Iringa ukipenda. Milango ya paneli ya nyumba zilizojengwa miaka hii ina ukingo mmoja: mkunjo wa herufi S, mbonyeo halafu mwinuko, halafu kijingazi kidogo. Ndani ya shokesi upo. Kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda cha tano kwa sita upo. Si kwamba mafundi walikaa wakakubaliana. Biti hiyo ilikuwamo kwenye kila sanduku, na kiwanda kilichoitengeneza kiliamua kipimo cha mkunjo kabla fundi hajazaliwa. Umbo lenyewe ni la zamani sana, limetoka kwenye nguzo na kuta za mawe za Ugiriki na Roma, likaingia katika samani za Ulaya, likasagwa kuwa chuma, likapakiwa kwenye kontena. Fundi wa Kimamba akibonyeza swichi, anapitisha uamuzi wa mtu mwingine juu ya mninga wa kijiji chake. Anaupitisha vizuri, kwa unadhifu ambao mkono wake usingeufikia, na mteja anafurahi. Siwezi kumlaumu yeyote hapo. Mlango usio na urembo, kwa macho ya mteja wa leo, haujaisha, na fundi anakula kutokana na macho ya mteja.

Najua jibu linalokuja haraka: kwamba zamani mkono ulikuwa huru. Haukuwa huru hivyo. Wachongaji wa milango ya Unguja na Lamu walirithi waridi, mnyororo na mawimbi kutoka kwa walimu wao. Tofauti ninayoiona ni ndogo na ni ya kiufundi. Patasi inapofuata umbo lililorithiwa, kila mkato ni uamuzi mpya mdogo, na maelfu ya maamuzi hayo hulisogeza umbo bila mtu kukusudia. Baada ya vizazi viwili waridi la mtaa huu si la mtaa ule. Biti haisogei. Inaanza na umbo lake na inaisha nalo, mpaka siku inapokuwa butu. Na mashine za CNC, zinazoongozwa na kompyuta, zilizoingia karakana za Dar es Salaam zinapeleka jambo hilo mbele zaidi: mchoro mzima wa mlango, simba, ua, aya ya maandiko, huja kwenye faili, na fundi anabaki kubana ubao na kufagia unga. Hata huko sidhani jibu ni kukataa mashine. Mtu mwenye watoto shuleni haambiwi achonge kwa mkono ili mimi nipate kuona tofauti barabarani.

Lakini ndani ya sanduku lile kuna biti moja isiyo na umbo, nayo ni ile nyoofu. Makali mawili yaliyosimama wima, basi. Haipendezi, haina picha ya kuvutia kwenye kifuniko, na kwenye seti nyingi za bei nafuu ndiyo inayowahi kuisha kwa sababu ndiyo inayofanya kazi. Inachimba mfuo wa kuingiza paneli, inatoa tundu la ulimi, inashusha nafasi ya bawaba, inakata kijingazi cha kulazia kioo cha dirisha, inasawazisha kisiki cha kukalia ambacho randa haiwezi kukifikia. Ukiifunga kwenye kitako chenye bomba la mwongozo, au ukichukua ile yenye beringi, inafuata patani yoyote uliyoikata mwenyewe kwa msumeno na tupa. Hapo ndipo jambo linapogeuka. Patani ni yako. Unaweza kuchora mguu wa stuli kwa mkunjo uliouona kwenye kigoda cha bibi yako Mkaguru, ukaukata kwenye plaiwudi mara moja, ukausahihisha kwa msasa mpaka jicho liridhike, kisha rauta ikaurudia mara nne bila kubisha. Mashine imebaki na urudiaji, na uamuzi umerudi benchini.

Kisha kuna kona, jambo ninalolipenda zaidi katika zana hii, na ambalo wauzaji hawalisemi. Rauta haiwezi kuchimba kona ya ndani iliyo mraba. Haiwezi kamwe, iwe ya Kijapani au ya Kichina, ya wati mia tano au elfu mbili, kwa sababu kitu kinachozunguka huacha duara. Ukichimba nafasi ya bawaba, pembe zake zitabaki za mviringo na bawaba ya mraba haitakaa. Ndiyo maana karakana yenye rauta bado ina patasi ukutani, na kama haina, angalia milango yake vizuri: bawaba zimekaa juu juu, au pembe zimepigwa nyundo mpaka zikajikunja. Kumaliza kona hizo nne kwa patasi ni kazi ya dakika chache kwa patasi kali, na ni mateso kwa patasi butu. Kwa hiyo ile fedha iliyobaki baada ya kuchagua mashine ndogo, niliyosema ina kazi nyingine, kazi yake ni hiyo: patasi mbili za chuma kizuri na jiwe la kunolea lenye uso laini. Vijana hunitazama nikisema hivyo, kana kwamba nimeulizwa habari za simu nikajibu habari za barua.

Basi orodha yangu kwa anayeanza ni fupi mpaka inachosha. Trima yenye kirekebisha mwendo. Koleti ya ziada ya kipimo kile kile. Biti nyoofu mbili za kabaidi, ya upana wa milimita 6 na ya 12. Moja ya kufuata patani yenye beringi. Moja ya kuviringisha kingo, ya nusu kipenyo cha milimita 6, ambayo hata hiyo nairuhusu kwa sababu meza inaguswa na watoto na ukingo mkali unaumiza. Klampu mbili na ubao mnyoofu wa kuongozea. Ununue biti moja moja, hata kama bei ya sanduku zima la thelathini na tano inakaribia bei ya hizo nne, kwa kuwa kabaidi iliyounganishwa vibaya humeguka, na kipande kinachoruka kutoka kwenye biti hakichagui jicho.

Na ile ya mkunjo wa S? Siiweki kwenye orodha, wala sisemi isinunuliwe. Itakuja siku mteja ataingia na picha kwenye simu, mlango alioupiga picha kwenye nyumba ya shemeji yake Morogoro, na atataka uwe vile vile. Mweleze bei, mwonyeshe ukingo mwingine uliobuni wewe kwenye kipande cha paini, mwache achague. Akishikilia picha yake, mwombe malipo ya awali. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, Kariakoo si mbali kama zamani, na biti hiyo haitakwisha sokoni.